Kiwanja cha mita 10 kwa 25 Mbeya: punguza chumba kimoja, ununue jua

Mkuu, umeuliza kama kiwanja chako cha mita 10 kwa 25 pale Isyesye kinaweza kubeba nyumba ya kisasa ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, nje isipigwe lipu, maana mchora ramani kakwambia bila ghorofa haiwezekani. Inawezekana. Mimi naishi ndani ya nyumba ya namna hiyo Ilomba, kiwanja changu ni mita 10.5 kwa 24, na makosa niliyofanya yanatosha watu watatu.

Ugumu wa kiwanja chembamba hapa kwetu si vyumba, ni jua. Ukiacha mita 1.5 kila upande kama nilivyoelekezwa kwenye kibali changu, na jirani naye akaacha 1.5, kati ya kuta zenu zimebaki mita tatu. Mbeya tuko juu, kama mita 1,700 hivi, na tuko kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo Juni na Julai, miezi ya baridi yenyewe, jua linapitia kaskazini. Jirani yangu wa kaskazini kajenga zile nyumba za kuficha bati, kuta zimepanda kulizidi paa, na ukuta wake una mita 4.5. Mwezi Juni, jua likiwa juu kabisa (huku kwetu ni karibu saa saba kasorobo, siyo saa sita), kivuli chake kinafika mita 2.8. Yaani jua linagusa mguu wa ukuta wangu kidogo tu kisha linaondoka. Nyumba niliyokuwa nakodi kabla ya kujenga ilikuwa ya hivyo, haina jua. Mama mkwe alipokuja Julai aliingiza jiko la mkaa chumbani apate joto, tukamkuta asubuhi kichwa kinamgonga, anatapika. Tangu siku hiyo nilijua nyumba yangu itaanzia kwenye jua.

Ramani yangu ya kwanza ilikuwa na vyumba vitatu vikubwa na korido ndefu ya giza katikati. Kimoja nikakipunguza kikawa kidogo. Kwa nafasi iliyopatikana, katikati ya ubavu wa kaskazini, nikarudisha ukuta ndani mita 2.4 kwa urefu wa mita 3.2, pakawa kiua kidogo kisicho na paa. Sasa kutoka ukuta wa jirani mpaka dirisha langu la pale ni mita 5.4. Juni, kuanzia saa tano mpaka saa tisa, jua linatua kwenye sakafu ya kiua na kuingia sehemu ya kulia chakula. Bibi watoto huchambulia maharage pale na hakumbuki jiko la mkaa. Sebule iko mbele, inachukua upana wote. Jiko na meza viko pembeni ya kiua, upana wa mita 4.4, vyumba viwili viko nyuma bega kwa bega, na kile cha tatu kimebaki kidogo cha mgeni. Korido hakuna, unapita kwenye mwanga.

Kuna faida nyingine ambayo fundi ndiye aliyenionyesha. Ukuta wa tofali ulionyooka mita 14 bila kona ni dhaifu, na sisi tupo kwenye Bonde la Ufa, ardhi hutikisika. Kile kiua kinauvunja ukuta, kinaupa kona nne za kushikilia. Bado usimwachie fundi akate renta (mkanda wa zege wenye nondo) juu ya milango na madirisha tu. Izungushe nyumba nzima, nondo zishikane kwenye kona.

Kuhusu tofali: kila tanuri lina kipimo chake, kwa hiyo nunua kwanza, chora baadaye. Panga tofali kumi kwenye mstari, acha sentimita moja ya mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) katikati, pima. Urefu wa kuta na upana wa madirisha utoke kwenye namba hiyo, la sivyo fundi atakatakata vipande na kwa ukuta usio na lipu aibu yote iko nje. Gonganisha mbili: iliyoiva inalia kama chuma, mbichi inalia kama gogo. Zile za pembeni ya tanuri, za rangi ya mpauko, nilizikataa zote hata kwa bei ya kutupa, mvua za kuanzia Novemba hazina huruma nazo. Na zile ulizozikubali ziloweshe kabla ya kujenga.

Hapa sasa ndipo nilipochemsha. Nilitaka paa lenye kingo ndefu ili mvua isipige tofali, nikatoa sentimita 70 kila upande bila gata (mfereji wa kukinga maji ya paa). Mvua ya kwanza kubwa, mzee wa upande wa kusini akanigongea saa moja asubuhi. "Mwanangu, mvua ya Mungu tunagawana, lakini hii umeichota kwako ukanimwagia mimi." Nilimwamkia, nikaomba radhi, wiki hiyohiyo nikafunga gata na simtanki. Piga hesabu: paa la mita za mraba 100 na mvua ya milimita 10 ni lita 1,000. Zilizoangukia upande wake zilikuwa zinachimba msingi wake.

Jambo la mwisho, jenga kuanzia nyuma kuja mbele. Ukianza na sebule, tofali na mchanga wa nyuma utabebwa kwa toroli kwenye kichochoro cha mita 1.5, na saidia fundi atakulipisha kila safari. Shimo la maji taka liwe mbele, gari la kunyonya lifike.

Niandikie kaskazini iko upande gani wa kiwanja chako na barabara inapita wapi, nitakuchorea kwa mkono uone kiua kikae wapi.