Chipu ya saa haijui mwaka: kwa wanaoanza kazi za bodi za Linux

Kabla hujagusa draiva ya saa, elewa kwamba chipu haihifadhi tarehe. Inahifadhi baiti chache tu. Maana yake hutolewa na wasomaji wawili: butiloda inayoamka kwanza, kisha mfumo endeshi. Wasipopatana, bodi moja inakuwa na kalenda mbili.

Chukua DS1307, chipu utakayokutana nayo mara nyingi. Ndani ya U-Boot, butiloda ya bodi nyingi za Linux, ukishachagua basi ya I2C (nyaya mbili zinazounganisha chipu na prosesa), andika `i2c md 0x68 0 7`, yaani soma baiti 7 kuanzia rejista 0 ya chipu yenye anwani 0x68. Tuseme umepata 30 15 14 04 12 06 24. Anzia mwisho: mwaka 24, mwezi wa 6, tarehe 12, siku ya 4 ya wiki, saa 14:15:30. Hiyo ni BCD, namna ya kuandika namba ambapo kila tarakimu ina nusu baiti yake. Programu isiyoigeuza itasoma 0x24 (0x ni alama ya namba za msingi wa 16) kuwa 36, na utajikuta mwaka 2036. Hilo utaliona mapema. Mwezi ndio mgumu, maana 01 hadi 09 husomeka sawa kwa njia zote mbili. Kosa linajificha mpaka Oktoba, 0x10 inapogeuka 16. Kwa hiyo usijaribu kwa tarehe ya leo pekee. Weka 31 Desemba 23:59:50, acha mwaka ugeuke, halafu soma pande zote mbili, butiloda na Linux. Rudia kwa 28 Februari ya mwaka mrefu.

Kuna mtego mwingine wa kimyakimya. U-Boot na Linux zote zina muundo uitwao `rtc_time`, na majina ya ndani yanafanana. Lakini Linux huhesabu `tm_year` kuanzia 1900 na miezi kuanzia 0, wakati U-Boot huweka mwaka mzima na miezi kuanzia 1. Ukinakili draiva kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kompaila haitasema neno.

Ndani ya chipu weka UTC, saa ya kimataifa isiyofuata ukanda wa mahali, basi. Windows kwa kawaida huweka saa ya mahali, kwa hiyo kompyuta ya Nairobi au Dar es Salaam yenye mifumo miwili, Windows na Linux, ikipotoka kwa muda wa saa tatu kamili, usikimbilie kubadilisha betri. `cat /sys/class/rtc/rtc0/time` itakuonyesha kilichomo kwenye chipu bila kuongezwa ukanda wowote.

Mwisho, amua nani anaandika. Mimi nashikilia kwamba butiloda isome tu. Keneli, kiini cha Linux, ikiwa imejengwa na chaguo la CONFIG_RTC_SYSTOHC, saa yake ikishalinganishwa kwa NTP (itifaki ya kupata saa sahihi mtandaoni), huandika kwenye chipu kila baada ya dakika 11 hivi, na waandishi wawili wakigombana utashindwa kujua nani kaharibu. Biti 7 ya rejista ya sekunde ikiwa 1, saa ilisimama na tarehe iliyomo haiaminiki. Hapo butiloda isibuni nyingine. Mfumo endeshi ulinganishe saa kwa NTP kwanza, ndipo huduma zinazotumia TLS (usimbaji wa mawasiliano ya mtandao, unaotegemea vyeti vyenye tarehe) ziwashwe, la sivyo vyeti vitakataliwa kwamba muda wake haujaanza.