"Mama, malizia pagale langu nikupe chumba"

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, naishi Njombe. Baridi imenishinda. Ikifika Juni na Julai vidole havikunjiki asubuhi, na magoti yananifanya nishuke ngazi kinyumenyume. Desemba nilikaa wiki tatu Mwanza kwa mwanangu, nikawa naenda sokoni bila fimbo. Nataka kuhamia huko, ila kijijini, nifuge kuku na kupanda mchicha. Mwanangu anasema nisihangaike na nyumba: nimpe sehemu ya kiinua mgongo amalizie pagale lake Kisesa, naye atanitengea chumba. Dalali ameniletea kiwanja ufukweni upande wa Sengerema kwa shilingi 2,500,000, anasema muhtasari wa kijiji utafuata. Shemeji zangu nao wanasema nikiondoka nimelitupa kaburi la kaka yao. Pensheni yangu ni ndogo. Nipate wapi nyumba ninayoimudu? — Mwalimu wa Baridi, Njombe

Marahaba, Mwalimu, ingawa nahisi tumelingana na shikamoo hiyo pengine ilikuwa yangu kukupa.

Umeniuliza nyumba, lakini mimi nimekwama kwenye pagale, kwa hiyo nianzie hapo.

Mwanao simwoni kuwa mtu mbaya. Amefikisha ukuta kwenye lenta, hela ikakata, na kila Jumapili anapita kuliangalia pagale lake huku nyasi zinaota sebuleni. Mama anataka joto, mama ana kiinua mgongo: kichwani mwake hesabu imekubali. Kwako haijakubali. Kiwanja kina jina lake, na nyumba itakuwa ya ndoa yake. Siku mkweo atakapomleta mama yake mzazi anayeumwa, chumba kile kitakuwa cha nani? Ndoa ikiyumba, au kijana akihamishwa kikazi na kuipangisha nyumba yote, utashika karatasi gani? Chumba cha kuahidiwa hakina mlango, Mwalimu. Nawapokea wazazi wengi kwenye safu hii waliohamia kwa watoto na begi moja, wakaja kuniandikia wakiwa wanalala na wajukuu watatu kitanda kimoja, hela imekwisha na wanaona haya kuidai.

Ukitaka kumsaidia, msaidie. Mnunulie bando mbili tatu za bati, ziite zawadi, uzisahau. Usizibadilishane na chumba. Na umwambie ana kwa ana, mkewe asiwepo, siyo kwa simu: "Mwanangu, hela ile nimeshaipangia kodi na matibabu, bati hizi nakuchangia." Atanuna wiki moja. Afadhali anune sasa kuliko wewe kunung'unika miaka kumi.

Kiwanja cha ufukweni achana nacho kabisa. Muhtasari, yaani kumbukumbu za mkutano wa kijiji, huwa haufuati, hutangulia. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, na dalali hana kiti kwenye mkutano huo. Halafu ni ufukweni wapi? Sheria ya mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ziwa lenyewe halisomi sheria. Mei 2020 maji yalipanda hadi kuipita kidogo rekodi ya Mei 1964, na watu waliojenga karibu wakahama na magodoro kichwani. Madalali wa upande huo wamechangamka tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Zamani ulipanga foleni ya kivuko, siku hizi unavuka kilomita 3 ukiwa umekaa kwenye basi, na kila mwenye kipande cha mchanga anakiita kiwanja cha uwekezaji.

Kwa hiyo usinunue kitu mwaka huu. Panga.

Na kupanga nako kuna akili yake. Mwaka wangu wa kwanza Mwanza nilitafuta rahisi nikakipata: chumba na sebule, kodi ya kucheka, juu mlimani katikati ya mawe. Dalali alinipandisha saa kumi na mbili jioni, upepo unatoka ziwani, jua linazama, nikalipa miezi sita palepale. Kesho yake nikagundua kwa nini ni rahisi. Maji hayakuwa yakifika huko juu. Yalipanda kwa kichwa cha kijana mwenye ndoo ya lita 20, naye alilipwa kwa safari. Usiku yale mawe yaliyoota jua mchana kutwa yalirudisha joto lote chumbani. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na magoti mazima. Wewe ukionyeshwa nyumba ya mjini ya bei poa, tazama juu kwanza.

Hamu yako ya kijijini basi naiunga mkono. Barabara ya Musoma ina Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini, kisha Nyanguge, kisha Magu. Barabara ya Shinyanga ina Usagara na Misungwi. Ukisogea kidogo nje ya lami, kodi inashuka kuliko kule mwisho wa daladala za mjini, na bado hospitali ya rufaa ya Bugando, mjini Mwanza, unafika asubuhi ukarudi jioni. Hilo la Bugando lina uzito, ndiyo maana visiwani sikupeleki. Ukerewe ni pazuri, machungwa yake matamu, lakini magoti yakikukamata usiku hutaki kusubiri meli.

Nyumba yenyewe usiitafute kwa dalali. Itafute ofisi ya walimu! Umesahau nani wanapanga vijijini? Wewe mwenyewe ulipoajiriwa ulilala wapi? Ingia shule ya msingi ya kijiji unachokitaka wakati wa chai, jitambulishe, ulize nani amehamishwa na aliacha nyumba ya nani. Walimu watakwambia ipi inavuja, mwenye nyumba yupi anapandisha kodi kila Januari, na yupi akipewa kodi anapotelea minadani. Ukishaipata, andikishaneni mkataba, mtendaji wa kijiji awe shahidi. Omba kulipa miezi mitatu mitatu. Kijijini fedha taslimu ya miezi mitatu bado inasikilizwa.

Ukienda kuiona nyumba, usianze na sebule. Anza chooni. Najua inachekesha, lakini vyoo vingi vya huko ni vya shimo, vya kuchuchumaa, na wewe umeniambia unashuka ngazi kinyumenyume. Chuchumaa na nguo zako, ujaribu kuinuka bila kushika ukuta. Ukishindwa, mwambie mwenye nyumba fundi ajenge kiti cha tofali na saruji juu ya tundu, gharama mkate kwenye kodi. Ni kazi ya siku moja. Akikataa jambo dogo hivyo, umeshamjua.

Kisha bomba: liko wapi, linatoka siku gani, nani atakubebea. Kisha inua macho: bati bila dari saa nane mchana ni tanuri, hata kwa mtu wa Njombe anayedhani hawezi kuchoka joto. Weka kiganja chini ya ukuta, kwenye usawa wa kitanda. Ukiwa na ubaridi wa majimaji na chumvi nyeupe inamomonyoka, umehama baridi kwenda kulala na baridi. Hayo yote yanaonekana vizuri Machi na Aprili mvua ikiwa inanyesha, kwa hiyo njoo miezi hiyo, ulale kwa mwanao wiki mbili, utembee.

Sasa magoti yenyewe. Joto linalegeza, halitibu. Wiki tatu za Desemba ulikuwa likizo, unapikiwa, unabembelezwa na wajukuu; siwezi kukuapia kwamba ni hali ya hewa peke yake iliyokunyang'anya fimbo. Kabla hujafunga mizigo muone daktari wa mifupa ujue ni ugonjwa gani, maana maumivu ya viungo si baridi yabisi yote. Na jambo ambalo watu wa nyanda za juu hulidharau: Njombe malaria ni nadra, Kanda ya Ziwa ni nyingi, na mwili wako haujaizoea. Chandarua usiku wa kwanza, homa ya kwanza zahanati siku hiyohiyo. Ziwani usikanyage maji ukisema unakanda magoti. Kichocho kinaingia kwa ngozi tu, hakisubiri uyanywe.

Shemeji zako. Hapa nitawaudhi baadhi ya wasomaji. Kaburi halitupwi na mjane aliyehama, hutupwa na watu walio jirani nalo wasiolifyekea. Usiuze nyumba ya Njombe, wala miti kama unayo. Ipangishe kwa mtumishi, kodi yake ndiyo ikulipie ya huku. Ukitoa za ukarabati pengine pensheni yako haitaguswa kabisa. Chumba kimoja kifunge na funguo ubaki nazo, ili ukienda Novemba kufyeka kaburini uwe na pa kulala bila kuomba. Shemeji wakiona umeacha kitanda na vyombo, maneno yatapungua. Yakiendelea, waulize kwa upole nani kati yao atakusugua magoti Julai.

Hilo la ugeni hukuniuliza. Utaingia kwenye kijiji cha Wasukuma ukiwa peke yako, na jioni za kwanza zitakuwa ndefu. Jifunze "mwangaluka" ya asubuhi kabla hujafika. Watoto watakupigia magoti kukuamkia, nawe huna haja ya kumpigia mtu goti. Jirani akikuletea michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, pokea kwa mikono miwili, na chombo usikirudishe kitupu. Mwalimu mstaafu anayewasaidia watoto wawili hesabu kibarazani hamalizi mwezi bila mtu wa kumchotea maji.

Na sweta usiligawe. Mvua ya alfajiri ikipiga kutoka ziwani, utalitafuta.

Shangazi