Kihisi cha kizimbani kinachelewa dakika nane na nusu

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Tuna vihisi 6 vya joto la maji na oksijeni kwenye vizimba vya sato hapa Luchelele, Mwanza. Kila kimoja kina chipu ya nRF52832 na redio ya LoRa (ya masafa marefu yenye kutumia umeme kidogo), na kinatakiwa kutuma kipimo kila baada ya dakika 5 kwa kipokezi cha ufukweni. Siku mbili tatu kazi inakwenda vizuri, kisha kimoja kinakaa kimya dakika 13 na nusu na kurudi chenyewe. Tumebadilisha betri, tumeinua antena, hali ni ileile. Mezani kikiwa peke yake hakikuwahi kusumbua. Tuangalie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, jibu umelibeba ndani ya swali. Antena mbovu hupoteza ujumbe mzima, kwa hiyo pengo lingekuwa dakika 10, 15 au 20. Betri dhaifu ingeiwasha chipu upya, isingeichelewesha kwa muda uleule kila mara. Wewe una 13 na nusu. Ukitoa 5 za kawaida, zinabaki 8 na nusu, na namba hiyo inatoka kwenye saa ya chipu.

Chipu hiyo ikilala, kaunta inayobaki macho ni RTC. Inahesabu mapigo 32,768 kwa sekunde, na kwa kuwa ina biti 24, huhesabu mapigo 16,777,216 ndipo irudi sifuri. Gawanya upate sekunde 512, yaani dakika 8 na sekunde 32.

Inavyotokea ni hivi. Programu inasoma kaunta, inaongeza mapigo ya kusubiri, inaandika jumla kwenye rejista ya ulinganisho, kisha inalala mpaka kaunta ifike hapo. Tuseme unataka kihisi kitulie kwa mikrosekunde 60. Pigo moja ni mikrosekunde 30 na ushee, kwa hiyo umejipa mapigo 2 tu. Katikati ya kusoma na kuandika, redio inapiga intarapti, yaani wito wa kuikatiza chipu iache kazi iliyomo. Chipu inakwenda kuihudumia, na ikirudi kaunta imeshapita. Ni sawa na abiria anayefika gati la Kamanga wakati pantoni imeshaondoka: atangoja iende ng'ambo na kurudi. Hata bila intarapti, maelezo ya mtengenezaji yanasema wazi kwamba kaunta ikiwa kwenye N, ukiandika N au N+1 huenda chipu isiamke. Uhakika unaanzia N+2. Mezani kihisi kilikuwa peke yake, redio haina wa kumsikia. Ziwani viko 6.

Fungua programu utafute kila mahali inaposubiri chini ya milisekunde moja kwa kutumia RTC. Hapo tumia lupu ya kawaida, chipu izunguke papo hapo bila kulala. Betri haitahisi mikrosekunde 60. Kwa usubiri mrefu zaidi, zima intarapti kwa kitambo, futa tukio la zamani la ulinganisho, andika lengo, halafu soma kaunta tena. Toa hesabu ya sasa kwenye lengo, ubakize biti 24 za chini. Yakibaki mapigo pungufu ya 3, au yakizidi muda ulioomba, jua umeshapitwa: usilale, endelea na kazi. Usiulize tu kama lengo ni kubwa kuliko sasa, maana kaunta ikikaribia kuzunguka, lengo linaweza kuwa 5 wakati sasa ni 16,777,210, na vyote viko sahihi.

Kulijaribu hakuhitaji siku tatu. RTC ina amri ya TRIGOVRFLW inayoirusha kaunta hadi 0xFFFFF0, mapigo 16 kabla ya kuzunguka. Washa redio mbili zisikilizane, agiza usubiri mfupi wa pigo 1 hadi 5 mara 10,000, na kila chipu inapoamka igeuze taa. Taa ikiganda dakika 8 na nusu, umeikamata. Nakusihi ufanye hivyo kwa programu ya zamani kwanza, kwa sababu jaribio ambalo halijawahi kuonyesha kosa halithibitishi kwamba kosa limeondoka.

Kuna watakaokushauri ukaze taima mlinzi iwashe chipu upya baada ya dakika 6. Iweke, tena ihesabu hata chipu ikilala, lakini baada ya kurekebisha. Ukianza nayo utalifunika kosa. Oksijeni hushuka kuelekea alfajiri, mwani ukiwa umeitumia usiku kucha bila jua la kuirudisha, na ukimya wa dakika 13 saa kumi na moja unaweza kula muda uleule ambao mlinzi wa vizimba angeutumia kuwasha kipulizia hewa.

Ukiona vihisi vinaachana kwa sekunde moja au mbili kwa siku, hilo iachie kristali inayopiga mapigo ya saa: tofauti ya sehemu 20 kwa milioni ni kama sekunde 1.7 kwa siku.

Weka programu mpya kwenye kile kinachonyamaza mara nyingi zaidi, uviache vingine 5 na ya zamani kwa wiki mbili, kisha nitumie saa za mapengo yote.