Kadi ya mama na namba ya siri siyo ruhusa

Juzi mdogo wangu mmoja kanitumia meseji, mama yake kapata kiharusi yuko wodini, hela ya matibabu ipo benki, kadi anayo na namba ya siri anaijua, anauliza atoe tu au aache. Nikamwambia kwanza muulize daktari kama mama anaelewa anachoambiwa, kama anaelewa muite wakili leo leo aandae hati ya uwakilishi, hiyo wanayoita pawa ofu atoni, ya kukuruhusu kusimamia akaunti kwa niaba yake. Kadi umepewa kwa mdomo tu, siku ndugu wakigeuka huna cha kuwaonyesha.

Mimi akaunti za baba nimezisimamia mpaka alipofariki, pensheni yake na fiksidi, yaani hela ya kufungia benki kwa muda maalumu, aliyoweka alipostaafu ualimu. Kiharusi kiliua mkono wa kulia lakini kichwa kilikuwa kizima, anakumbuka mpaka nani alimkopa laki mbili na hakurudisha. Nikasema tuite wakili, baba mdogo akanijia juu eti namchimbia kaka yake kaburi. Nikakaza.

Wakili alikuja nyumbani akamsomea baba hati yote kwa Kiswahili, kila kipengele anauliza mzee umeelewa, baba anaitikia. Kusaini hawezi, ikabidi dole gumba la kushoto. La kwanza likatoka doa jeusi tupu, wakamfuta kwa kitambaa wakarudia kwenye karatasi nyingine mpaka mistari ya kidole ikaonekana. Halafu wakili akaandika pale chini kwamba mtoa hati amesomewa na ameelewa, akagonga muhuri.

Bila sentensi ile benki wangenirudisha. Maana dada wa kaunta aliikagua hati kama vile nimeiokota, akaniuliza mbele ya watu mzee mwenyewe yuko wapi, ikapelekwa idara ya sheria makao makuu na huku dawa zinaisha nakopa duka la dawa. Ila ilipita, kwa sababu namba za akaunti zote mbili zilitajwa, na kila ninachoruhusiwa kimeandikwa: kutoa, kuhamisha, kuvunja fiksidi, kuchukua taarifa ya benki. Ukiandika tu "asimamie mali zangu" utasumbuka.

Sasa sikilizeni. Kwa Sheria yetu ya Mikataba hapa Tanzania, Sura 345, uwakilishi huu unakufa aliyekupa akifariki, na unakufa pia akipoteza akili. Kwa hiyo mzazi akishakuwa hajitambui hakuna wakili wa kukusaidia, ni mahakamani kuomba ateuliwe msimamizi wa mali zake. Ndugu walioko Uingereza wasiwachanganye, kule ipo Lasting Power of Attorney, ukiisajili inaendelea hata akili ikiondoka, ya kwetu siyo hiyo. Fanyeni mapema, mzee akiwa bado anajua leo ni siku gani.

Baba alipofariki sikugusa shilingi. Msibani kaka yangu akataka nitoe hela ya chakula cha waombolezaji, nikakataa, nikasema hati imeisha sasa tusubiri msimamizi wa mirathi. Akawaambia watu naficha hela. Kwenye kikao cha ukoo nikatoa daftari na risiti, pampasi, mafuta ya kuchulia, bajaji ya kumpeleka mazoezi ya viungo, akapekua ukurasa kwa ukurasa asikute kasoro. Mpaka leo hajaniomba msamaha na sitaficha, inaniuma.

Kwa hiyo andikeni kila kitu jamani, hela ya mzazi siyo yako hata kama wewe ndo unamgeuza kitandani usiku. Usiichanganye na ya kwako, usijikopeshe, mwogope Mungu. Na nyie mnaokaa mbali mkisubiri arobaini ndo mdai hesabu, idaini mzee akiwa hai. Mimi taarifa ya benki nilikuwa naipiga picha naituma kwenye grupu la familia kila mwezi, na hakuna aliyewahi kuuliza hata swali moja.