Kabla ya kutia bei: paneli za sola zilizoundwa Kenya na zabuni za Lamu

Mzabuni mpya hupenda kuanza na bei. Anasoma tangazo la kuweka sola kwenye zahanati ya Kizingitini au shule ya Siyu, anapiga simu Nairobi kuuliza paneli ya wati 400 ni ngapi, anaongeza nauli na faida yake, anafunga bahasha. Anaandika ndani kwamba paneli zake ni za Kenya, akitumai hilo litamsaidia. Halisaidii kitu. Upendeleo wa bidhaa za nchini hupatikana kwa ushahidi uliobanwa ndani ya zabuni, na ushahidi huo huchukua muda mrefu kuukusanya kuliko bei.

Tuanze na sheria, kwa sababu wengi hudhani upendeleo huu ni hisani ya afisa. Ibara ya 227 ya Katiba ya 2010 inauruhusu. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, kifungu cha 155, inaitaka kila taasisi ya umma ipendelee bidhaa zinazotengenezwa kwa malighafi ya hapa, hata kwa sehemu, au, pale inapohusika, zilizounganishwa Kenya. Shika sana hayo maneno ya mwisho, maana ndiyo yanayoibeba paneli. Kenya haitengenezi seli za sola. Kiwanda cha Solinc kilichoko Naivasha, ambacho kilianza kwa jina la Ubbink East Africa, hupokea seli kutoka nje, kisha huziunga kwa utepe wa shaba, huzipanga juu ya kioo, huzifunika kwa tabaka za plastiki na kuzibana kwa joto kwenye mashine, hutia fremu ya alumini na kisanduku cha nyaya, halafu hupima kila moja. Hiyo ni kazi ya kiwanda kweli, na sheria inaitambua. Kwa hiyo andika "imeunganishwa Kenya". Ukiandika "imetengenezwa Kenya kwa asilimia mia" umesema uongo kwenye hati ya serikali, na taarifa ya uongo inaweza kukufungia mlango wa zabuni za umma kwa miaka.

Sasa ushahidi. Karatasi ya kwanza ni kibali cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, cha alama ya ubora inayopewa bidhaa za nchini. Soma kibali chenyewe, usitosheke na nembo: kitaje jina la kiwanda, mahali kilipo, aina ya paneli na tarehe ya mwisho. Paneli iliyokuja imekamilika kutoka nje huwa na stika ya KEBS ya bidhaa za kuagizwa, na hizo mbili hazifanani. Ukiona paneli inayosemwa ni ya Kenya ina stika ya kuagizwa, iache hapo hapo dukani. Nambari ya kibali unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ukianza na SM#.

Karatasi ya pili ni barua ya idhini kutoka kiwandani. Iwe imeandikiwa taasisi inayonunua, itaje nambari ya zabuni, iwe na tarehe ya baada ya tangazo, na itaje modeli ile ile uliyoijaza kwenye jedwali la bei. Kosa linaloangusha watu hapa ni dogo la kusikitisha: barua inasema modeli ya wati 395, jedwali linasema wati 400. Kamati haina ruhusa ya kukudhania mema.

Ya tatu ni vyeti vya maabara, vya viwango vya kimataifa vya IEC. IEC 61215 ni cha ubora wa muundo, IEC 61730 ni cha usalama. Kwa Lamu na Malindi ongeza IEC 61701, jaribio la ukungu wa chumvi, hata kama hati ya zabuni haikukitaja. Jina la kiwanda kwenye cheti liwe ni la kiwanda kinachokuuzia. Cheti cha kiwanda cha ng'ambo kilichotoa seli hakithibitishi paneli iliyounganishwa Naivasha.

Ya nne ni orodha ya nambari za siriali pamoja na kipimo cha flashi cha kila paneli, yaani wati zake zilizopimwa kiwandani chini ya mmweko wa taa. Hii utaihitaji zaidi siku ya kupokelewa mali, lakini muombe muuzaji mapema akuonyeshe mfano. Asiyeweza kukupa hata mfano, kuna jambo. Kiwanda halisi huweka nambari ya siriali chini ya kioo, ndani ya tabaka, kabla ya kubana. Mtu aliyenunua paneli nzima na kubadilisha stika ya nyuma hawezi kuifikia ile ya ndani. Linganisha mbele na nyuma.

Kuna na hesabu ya kugundua wati za uongo, isiyotaka chombo ila futi ya kupimia. Pima urefu na upana kwa mita, zidisha, kisha gawanya wati kwa eneo hilo lililozidishwa kwa 1,000. Paneli ya wati 400 yenye mita 1.72 kwa 1.13 ina eneo la mita za mraba 1.94, yaani ufanisi wa takriban asilimia 20.6. Hiyo ni kawaida. Ukiletewa "wati 400" yenye mita za mraba 1.3 tu, hesabu inatoa karibu asilimia 31, na seli ya silikoni ya kawaida haiwezi kufika huko hata kwa nadharia, kwa kuwa kikomo chake ni kama asilimia 29.

Kabla hujaingia gharama ya chochote kati ya hivyo, tazama ni nani anayelipa. Fedha zikiwa za kaunti au za serikali kuu, sheria ya 2015 ndiyo inayotawala. Fedha zikiwa za mkopo au msaada, kama mradi wa KOSAP wa sola za maeneo yaliyo mbali na gridi, uliogharamiwa na Benki ya Dunia katika kaunti 14, Lamu na Kilifi zikiwemo, kanuni za mfadhili ndizo zinazotangulia. Benki ya Dunia ina upendeleo wake wa bidhaa za nchini kwenye zabuni za kimataifa, lakini lazima uwe umeandikwa kwenye hati ya zabuni, na unadai kwamba kazi, malighafi na vipuri vya hapa nchini vifikie angalau asilimia 30 ya bei ya bidhaa langoni mwa kiwanda. Paneli ikiuzwa kiwandani kwa shilingi 17,000, basi 5,100 ziwe za hapa. Seli zikiwa za nje na kioo cha nje, hesabu hiyo si ya kubahatisha. Mwombe mwenye kiwanda akuandikie na atie saini.

Ukifaulu kwa kanuni hizo za Benki ya Dunia, nyongeza ni asilimia 15. Inavyofanya kazi huwachanganya wengi. Tuseme ni paneli 60. Wewe umetia 17,000 kila moja, jumla 1,020,000. Mwenzako analeta za nje kwa 15,000, jumla 900,000. Kwa kulinganisha tu, bei yake inapandishwa hadi 1,035,000, nawe unakuwa wa chini. Utalipwa 1,020,000 zako, hakuna kinachoongezwa wala kupunguzwa. Ungetia 17,500 jumla yako ingekuwa 1,050,000, na upendeleo usingekuokoa.

Jambo ambalo wengi hawalitumii: taasisi ikitaka kununua bidhaa isiyotengenezwa Kenya hata kwa sehemu, kifungu cha 155 kinamtaka afisa mhasibu aandalishe ripoti yenye ushahidi kwamba bidhaa ya hapa haikuweza kupatikana. Na kifungu cha 60 kinakataza kutaja chapa fulani kwenye vigezo bila kuruhusu inayolingana nayo. Ukiona vigezo vimekatwa kama nguo ya mtu mmoja, kwa mfano ukubwa wa fremu hadi milimita, au nchi ya asili imetajwa, andika barua ya kuomba ufafanuzi kabla ya siku ya kufunga. Andika kwa adabu, taja kifungu, omba "au inayolingana nayo". Malalamiko ya baada ya kushindwa huenda kwa Bodi ya Mapitio ya ununuzi wa umma ndani ya siku 14 tangu kuarifiwa, na hayo yana gharama. Barua ya mapema ni ya bure.

Usichanganye haya na mitambo mikubwa. Kituo cha sola cha megawati 40 kilichoko Langobaya, Malindi, kinauza umeme, na serikali haikununua paneli zake. Tofauti hii ina uzito hata nje: India ilishindwa kwenye Shirika la Biashara Duniani mwaka 2016 kwa sababu ililazimisha seli na paneli za nchini ilhali ilichonunua serikali kilikuwa umeme. Sisi tuko salama zaidi pale serikali inaponunua paneli yenyewe kwa paa lake yenyewe.

Zabuni nyingi za Lamu ni za mfumo mzima: paneli, betri, inveta, nyaya, kazi. Tenganisha mistari ya bei. Betri ya lithiamu na inveta zikiwa za nje, ziseme hivyo, na paneli zisimame peke yake kama za hapa. Kikundi cha vijana, kina mama au watu wenye ulemavu chenye cheti cha AGPO, mpango wa kuyatengea makundi hayo zabuni za serikali, hakihitaji dhamana ya zabuni ya benki. Hujaza fomu ya tamko badala yake. Kila ukurasa upigwe nambari kwa mfululizo, hata viambatisho, hata katalogi ya kiwanda. Jumla iliyo kwenye fomu ya zabuni hairekebishwi baada ya kufunguliwa, hivyo ijumlishe mara mbili na mtu mwingine aijumlishe tena. Cheti cha fundi kutoka EPRA, mamlaka ya nishati, kiwe cha daraja linalofaa. T3 ndilo la juu, la mifumo iliyoungwa na umeme wa gridi na ya mchanganyiko.

Kwenye vigezo vyako vya kiufundi, onyesha kwamba unaijua pwani. Seli juu ya bati hufika nyuzi 65. Kwa upungufu wa asilimia 0.35 kwa kila nyuzi juu ya 25, paneli ya wati 400 inabaki na 344. Zahanati yenye mahitaji ya kilowati-saa 6 kwa siku, ukichukua saa 5 za jua kamili na ufanisi wa mfumo wa 0.7, inataka wati 1,714, yaani paneli 5. Bolti ziwe za chuma cha pua daraja la 316. Za 304 hutoa kutu karibu na bahari, na za chuma cha kawaida zikigusana na fremu ya alumini penye chumvi zaweza kuila fremu. Kuhusu paa za Mji wa Kale wa Lamu, ulio kwenye urithi wa dunia tangu 2001, uliza kibali cha uhifadhi kabla ya kupima chochote.

Usipakie kitu Mokowe kabla mkataba haujatiwa saini. Sheria inataka zipite siku 14 baada ya barua ya ushindi. Wakati wa kusi bahari huchafuka, basi weka siku za ziada kwenye ratiba. Paneli zisafiri zimesimama kwa ukingo, zimefungwa pamoja, fremu kwa fremu. Zikilazwa bapa na mtu akakaa juu, seli hupasuka nyufa zisizoonekana, na kioo kinabaki kizima. Mjini ni punda na mikokoteni, kwa hiyo fungua mafurushi gatini na ubebe chache chache. Kamati ya ukaguzi na upokeaji ikija, wape ile orodha ya siriali na flashi, msome pamoja paneli moja baada ya nyingine, na kila mmoja atie saini kwenye ukurasa ule ule wenye nambari, kwa sababu ankara yako itasubiri muda mrefu mezani kwa mhasibu na karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.