Kusahihisha maandishi ya watu: wapi ninyamaze, wapi niseme

Mkuu, umeuliza mtu akiandika "nimekura" au "akuna shida" asahihishwe au aachwe. Mimi nilikuwa msoma prufu wa gazeti Dar kwa miaka kadhaa, na sasa nasimamia kundi la WhatsApp la wafugaji wa kuku. Gazetini nilikuwa sipitishi hata nukta iliyokaa vibaya. Kundini nina sheria nyingine kabisa.

Kulikuwa na mama mmoja wa Geita. Aliandika: "vifalanga vyangu vinaalisha damu niwape nini". Kabla hajajibiwa, mjuaji mmoja akamrukia: "Jifunze kuandika kwanza." Sasa hapo nani hakuelewa? Vifaranga wanaharisha damu, koksidia hiyo, tafuta amprolium haraka na toa maranda yaliyolowa. Mama alijitoa usiku uleule. Baadaye tukasikia kwamba amelea vifaranga kwa chungu cha mkaa miaka na miaka, umeme ukikatika yeye wala hana habari. Ujuzi wote huo ukaenda na maji, kisa L na R.

Kisukuma hakina R, Kikuyu hakina L. Mtu anaandika anavyotamka, na wengi wetu Kiswahili tulikikuta shuleni. Halafu kuna yule wa Mombasa aliyeandika kuku wake "wamevimba mato". Watu wakacheka. Huyo hajakosea chochote, ameandika Kimvita. Kamati ya Lugha ya 1930 ilipoanza kazi, msingi wa Kiswahili sanifu ulikuwa umeshachaguliwa kuwa Kiunguja, basi "macho" yakaingia vitabuni na "mato" yakabaki kwa wenyewe.

Na hawa wasahihishaji wa kujitolea, nusu ya masahihisho yao ni ya uongo. Kuna mmoja kila akiona "ng'ombe zangu" anakuja mbio: "ni ng'ombe wangu!" Mbona yeye mwenyewe anaandika "ndugu zangu" na "rafiki zangu" kila asubuhi akitusalimia?

Lakini usinielewe vibaya, yapo makosa siyaachi hata dakika. Kiswahili kinabeba ukanushi kwenye kisilabi kimoja. Mtu alitaka kusema "usiwape chanjo ya Gumboro kwa maji ya bomba", kidole kikaruka "si", ikasomeka "uwape". Maji ya bomba yana klorini, klorini inaua chanjo, na mfugaji ataamini kuku wake wamekingwa. Hiyo niliisahihisha palepale, mbele ya wote, kwa sentensi moja, bila kejeli. Vivyo hivyo "ajapewa" badala ya "hajapewa": mwingine atasoma "akapewa". Hapo nauliza kwanza, "Dada, wameshapata au bado?" Swali linatosha, haoni kama amefunzwa.

Makosa mengine nasahihisha kimyakimya. Akiandika "kidei", mimi kwenye jibu langu naandika "kideri", ule ugonjwa wa kuku, na kuendelea na habari ya chanjo yake, tone moja jichoni kila baada ya miezi 3. Wengi hubadilika wenyewe. Asiyebadilika, shauri yake, kuku wake wanapona vilevile.

Wanaonichosha ni hawa wa "xaxa", "2naomba" na "cjui". Hao wanajua kuandika vizuri sana, ni uvivu tu. Mzee mwenye simu ya batani anahangaika kuandika neno zima, wewe kijana mwenye skrini kubwa unatupa mafumbo? Huwa nawajibu mwisho, na najua wananilalamikia.

Wauza dawa na vyakula ndio nisiowahurumia kabisa. Tangazo lenye "mg" mahali pa "ml", au nukta imeanguka na 0.5 imekuwa 05, nalifuta bila kujadiliana. Mwenye nalo arekebishe, alete upya.