Saundi kadi ya USB, FireWire au Thunderbolt? Na maswali mengine ya kurekodi nyumbani

SWALI: Asalaam alaykum kaka. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Ujiji, tuna kikundi cha kaswida, vijana kumi na mbili na matwari manne, tunataka turekodi wenyewe nyumbani maana studio wanatuhesabia kwa saa na watoto wakianza kuchangamka tu muda umeisha. Nina laptopu ya Windows ya kama miaka sita, ina poti tatu za USB, mbili zina plastiki ya bluu ndani. Kuna jamaa ananiuzia saundi kadi, kile kiboksi cha kuchomekea maiki kwenye kompyuta, ya FireWire ya maiki nane, iliyotumika, laki moja na nusu. Ya USB mpya ya maiki mbili nimeiona dukani bei mara mbili ya hiyo. Halafu kijana mmoja ananiambia USB iko slo, haiwezi watu wengi, nitafute ya Thunderbolt. Nichukue ipi? Au nichomeke tu maiki kwenye katundu ka hedifoni? (Ustadhi, Ujiji)

JIBU: Waalaykum salaam ustadhi. Hiyo FireWire iache, hata akishusha mpaka elfu hamsini iache.

Sio kwamba ni kitu kibaya. FireWire ni aina ya tundu na waya kama ilivyo USB, ilitoka 1995, na enzi hizo USB ilikuwa inapitisha megabiti 12 tu kwa sekunde wakati FireWire inapitisha 400, kwa hiyo mtu wa studio mwenye maiki nyingi hakuwa na namna. Lakini wewe laptopu yako haina tundu lake. Na ukiambiwa kuna kiwaya cha kugeuza FireWire kiingie USB usikubali, vile viwaya vinabadilisha umbo la kichwa tu, lugha ya ndani ni nyingine kabisa, utachomeka na kompyuta haitaona kitu. Hata ungepata kompyuta ya zamani yenye tundu, inabaki shida ya draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, saundi kadi nyingi za FireWire draiva zake ziliachwa kutengenezwa miaka mingi iliyopita. Nilishanunua moja mimi mwenyewe hapa Mwanga, Kigoma, kwa sababu ya bei, nikatafuta laptopu nzee ya kuiwekea, nikahangaika nayo miezi, inarekodi dakika kumi inakata, na siku iliyokata vibaya zaidi nilikuwa namrekodi mzee mmoja aliyekuja mara moja tu na hakurudi tena. Ndio maana nakusihi.

Sasa hilo la USB kuwa slo tupige hesabu, maana linawapotosha vijana wengi. Ukirekodi kwa biti 24 na kilohezi 48, maiki moja inatoa sampuli (vipande vidogo vidogo vya sauti) 48,000 kila sekunde, kila sampuli biti 24, zidisha unapata kama megabiti 1.15. Maiki nane ni kama 9.2. USB 2.0, ambayo ipo tangu 2000, ina megabiti 480, na hata ukisema kwa kazi halisi haifiki nusu yake bado ni kama umekodi behewa zima kupeleka Dar gunia moja la dagaa. Zile poti zako za bluu ni USB 3, hizo ni gigabiti 5, saundi kadi ya USB 2.0 ukiichomeka hapo inafanya kazi vizuri ila haiendi kasi zaidi. Faida yake ni umeme: poti ya kawaida inatoa miliampea 500, ya bluu 900, na saundi kadi ndogo inakula umeme humo humo pamoja na kutengeneza ile volti 48 ya maiki za kondensa, zile zisizofanya kazi bila kupewa umeme. Hii kwetu ni jambo kubwa. Umeme wa nyumba ukikatika katikati ya kaswida, laptopu ina betri, saundi kadi inakula kwenye laptopu, watoto wanaendelea kuimba na wewe unaendelea kurekodi. Zile za maiki nane nyingi zinataka zichomekwe ukutani.

Thunderbolt ni nzuri kweli, ilianza 2011 na gigabiti 10, ila ni ya mtu mwenye chaneli makumi na hela ya kutosha, na lazima kompyuta yenyewe iwe nayo. Hata ukiona tundu la USB-C usidhani ndio Thunderbolt, hilo ni umbo la tundu tu, angalia kama pembeni pana alama ya radi.

Halafu kinachowafanya watu waseme USB iko slo mara nyingi sio waya, ni bafa. Kompyuta inakusanya sampuli kidogo kidogo kabla ya kuzishughulikia, ukiiweka bafa sampuli 1024 unapata ucheleweshaji wa kama milisekunde 21 kwenda tu, na kurudi tena kwenye hedifoni inaongezeka, muimbaji anajisikia nyuma ya sauti yake anachanganyikiwa. Weka 256 inakuwa kama 5, ambayo ni sawa na kumsikiliza mtu aliyesimama chini ya mita mbili kutoka kwako, hakuna anayeona tofauti. Ukimaliza kurekodi ukiwa unapanga sauti rudisha 1024 laptopu ipumue. Ila bafa ndogo inataka draiva nzuri, kwa hiyo kabla hujalipa uliza kama kampuni iliyoitengeneza ina draiva ya ASIO, ile inayopitisha sauti haraka bila kuchelewa, ya Windows unayotumia. Hilo swali ni muhimu kuliko namba zote zilizoandikwa kwenye boksi. Na iwe na kile kitufe cha kumsikilizisha muimbaji moja kwa moja kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta, ukikiwasha habari ya kuchelewa imeisha.

Waya usizidi mita tano, na usipitishe kwenye habu (kile kigawanyio cha poti za USB) ya bei rahisi, chomeka kwenye laptopu yenyewe.

Katundu ka hedifoni hapana. Kale kametengenezwa kwa maiki ya simu ya masikioni, kanachukua sauti ya upande mmoja, hakana volti 48, na utasikia mvumo wa kompyuta chini ya kila aya.

Kwa hiyo chukua ile USB ya maiki mbili. Najua unajiuliza watu kumi na sita kwa maiki mbili itakuwaje. Kaswida ustadhi inaishi kwenye kuitikiana, ukiwatenga watoto mmoja mmoja unapata sauti safi isiyo na roho. Wapange nusu duara, maiki mbili mbele yao kimo cha vichwa, matwari yakae nyuma kabisa maana tari linapasua kuliko koo la mtoto, anayeongoza asogee hatua moja mbele. Rekodi wote pamoja. Kama kiongozi hajasikika mrudishie peke yake baadaye juu ya hiyo hiyo. Kama bati halina dari tandika mikeka na mazulia, simamisha magodoro ukutani, na usianze mawingu yakiwa yametanda juu ya ziwa. Ukijaliwa kuongeza hela, ongeza uchukue USB ya maiki nne, hapo matwari yatapata maiki zake.

SWALI: Shikamoo. Narekodi bibi yangu akisimulia hadithi za Kinyamwezi, nina laptopu na maiki ya USB moja, nikinunua ya pili ya aina hiyo hiyo nitaweza kurekodi yeye na mimi kwa pamoja? (Binti wa Isevya, Tabora)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwenye Windows itakusumbua. Draiva ya ASIO kwa kawaida inashika kifaa kimoja tu, na kila maiki ya USB ina saa yake ndani, zinaanza pamoja lakini kadiri muda unavyokwenda zinaachana, mwisho wa hadithi ndefu swali lako na jibu la bibi havikutani. Kwenye Mac inawezekana kuziunganisha ila nawe umesema laptopu tu. Usinunue ya pili. Tumia hiyo hiyo moja, kaeni karibu, iweke juu ya kitambaa kinene mezani ielekee kwa bibi kama shibiri mbili kutoka mdomoni kwake, wewe uliza kwa sauti ya kawaida, utasikika.

Na anza wiki hii.